Aliye Juu Mngoje Chini

Hapana jambo la ujenzi lililowagawanya watu wa Nairobi katika miaka ya karibuni kama barabara ya ghorofa iitwayo Nairobi Expressway. Ndani ya matatu, nje ya makanisa baada ya ibada, katika kurasa za barua magazetini, kila mtu alikuwa na la kusema, na kila aliyesema alisema kana kwamba jambo lenyewe ni jepesi. Mmoja alidai kwamba anayeipinga ni adui wa maendeleo. Mwingine akajibu kwamba anayeitetea amenunuliwa. Magari yalianza kupita juu yake mwezi wa Mei 2022, na wengi wanadhani mjadala ulifungwa siku hiyo. Mimi naona haujafungwa. Barabara nyingine za namna hiyo zinakuja, na hoja zilezile zitarudi kwa maneno yaleyale. Ndiyo maana nimeona yafaa kuzipima hoja hizo sasa, vumbi likiwa limetulia kidogo.

Nimekuwa mwalimu, kisha mkuu katika chuo cha ualimu, na katika kazi hiyo nimehukumu midahalo isiyo na idadi. Mwamuzi wa mdahalo haulizwi anapenda upande gani. Kazi yake ni kusikiliza kama hoja imethibitishwa, kama imejibiwa, na zaidi ya yote kama wasemaji wameielewa mada. Mara nyingi nimeona pande mbili zikipigana kwa ufasaha mkubwa juu ya jambo ambalo mada haikuliuliza. Katika hali hiyo mwamuzi hulazimika kuwapa alama za ulimi na kuwanyima alama za akili. Nachelea kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa katika mjadala huu wa barabara.

Tuanze na mambo ambayo hayana ubishi. Barabara hii ina urefu wa kilomita 27 hivi. Inaanzia Mlolongo, inapita karibu na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, inafuata Mombasa Road, Uhuru Highway na Waiyaki Way, na kuishia Westlands. Sehemu ya mjini imepandishwa juu ya nguzo zilizosimikwa katikati ya barabara ya zamani. Iliyoijenga ni kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa gharama iliyozidi dola milioni 600 za Marekani. Serikali haikuilipa kampuni hiyo kwa mkupuo. Badala yake, kampuni iitwayo Moja Expressway imepewa miaka 27 ya kuiendesha barabara na kukusanya ada kwa wanaoipita, na baada ya hapo barabara itarudi mikononi mwa umma. Bodaboda, tuktuk, mikokoteni na waenda kwa miguu hawaruhusiwi kupanda juu. Hilo la mwisho msomaji aliweke akilini, kwa kuwa nitalirudia.

Sasa niwasikilize watetezi kwanza, nami nitawapa hoja zao katika sura iliyo bora kabisa, maana si uungwana kumshinda mtu kwa kuyapotosha maneno yake.

Hoja yao ya kwanza ni muda. Kilomita 27 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni safari ya kama dakika 20. Kila aliyewahi kukwama Mombasa Road saa za jioni, akiona taa nyekundu za magari zimejipanga mbele yake hadi upeo wa macho, anajua thamani ya dakika hizo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali hana muda wa kupoteza, wala maua yanayowahi ndege, wala dereva wa teksi ambaye kila saa anayosimama ni saa asiyolipwa. Hoja hii ni nzito, na wapinzani wengi waliipita kando kana kwamba hawakuisikia. Mwamuzi angewakata alama kwa hilo.

Hoja ya pili ni fedha. Walisema kwamba barabara hii haimgharimu mwananchi kitu, kwa sababu imejengwa kwa mtaji wa mwekezaji, na anayelipa ni yule tu anayeitumia. Hapa pana ukweli uliochanganyika na kitu kingine. Ni kweli kwamba asiyepanda juu halipi ada. Lakini ada yenyewe haikukaa mahali pamoja. Dereva wa gari dogo aliyekuwa akilipa shilingi 360 kwa safari nzima alijikuta, kuanzia Januari 2024, analipa shilingi 500. Sababu kubwa iliyotolewa ni kuporomoka kwa shilingi mbele ya dola. Maana yake ni kwamba mwekezaji alileta mtaji wake, lakini hatari ya kushuka kwa thamani ya fedha yetu ilimwangukia mpita njia. Si jambo la ajabu katika mikataba ya aina hii, lakini ni jambo la kuambiwa watu mapema na kwa lugha wanayoielewa. Asemaye kwamba kitu hakina gharama, kisha ukaona bei yake imepanda, hukuambiwa habari yote.

Isitoshe, ipo mali moja ambayo umma uliitoa na haikuwekewa bei katika mazungumzo ya mitaani, nayo ni nafasi. Eneo la katikati ya barabara kuu ya mji ni kitu adimu kuliko saruji na chuma. Saruji itapatikana kesho, bali nafasi ya katikati ya Uhuru Highway ni moja tu. Eneo hilo lingeweza kupitisha mabasi makubwa yenye njia yake, au miti, au njia ya baiskeli. Likishasimikwa nguzo, uamuzi umefanywa kwa niaba ya wajukuu wetu. Sisemi kwamba uamuzi huo lazima ulikuwa mbaya. Nasema kwamba anayedai mwananchi hakutoa kitu amesahau kuhesabu ardhi.

Hoja ya tatu ya watetezi ni ya historia. Walisema: kila jambo kubwa hubezwa mwanzoni. Reli kutoka Mombasa, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na ziwani Victoria mwaka 1901, ilidhihakiwa na wabunge wa huko huko Uingereza kuwa ni wazimu, lakini bila reli hiyo mji wa Nairobi usingekuwapo. Mfano huu unapendeza masikioni, lakini haubebi mzigo uliotwikwa. Kwamba jambo fulani lilibezwa kisha likafaa, haimaanishi kwamba kila linalobezwa litafaa. Tena mfano wenyewe unamgeuka aliyeutoa. Reli ile haikujengwa ili kumfikisha Mkamba au Mkikuyu sokoni kwake. Ilijengwa kwa haja za waliokuwa wakipita kwenda mbali, na vituo vikawekwa palipoifaa injini. Swali la nani anajengewa na nani anapitwa lilikuwapo tangu hapo, na halijazeeka.

Nigeukie wapinzani. Nao nitawapa haki yao.

Hoja yao iliyowagusa watu zaidi ilikuwa miti. Mwaka 2019, habari zilipotoka kwamba barabara ingemega sehemu ya Uhuru Park, watu walipaza sauti, na mchoro ukabadilishwa. Hawakuwa wanazua jambo jipya. Bustani hiyohiyo ndiyo Wangari Maathai aliyoipigania mwaka 1989, serikali ilipotaka kusimamisha humo jumba la ghorofa 60, akatukanwa hadharani, na mwisho jumba halikujengwa. Kisha Novemba 2020 ukaja mugumo wa Waiyaki Way, mti mkongwe uliokuwa umesimama njiani mwa barabara. Watu wakaulilia, na amri ya rais ikatolewa kuuhifadhi.

Nilifurahi kama wengine. Lakini kama mhakiki nina neno. Mugumo ulipata amri kwa sababu ni mkubwa, ni wa kale, na una heshima ya kimila. Miti ya kawaida iliyokuwa kando ya Uhuru Highway na Waiyaki Way, isiyo na hadithi wala jina, ilianguka bila amri. Na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimfunika kwa kivuli mtu anayetembea saa nane za mchana. Kwa mwenye gari, mti ni pambo la kutazama dirishani. Kwa mwenye miguu, mti ni sehemu ya barabara kama lami ilivyo sehemu ya barabara kwa gari. Wapinzani waliitetea miti kama urithi na uzuri wa mji, na walisahau kuitetea kama njia ya watu. Wakaokoa mti mmoja mtukufu, wakapoteza hoja.

Hoja yao ya pili ilikuwa juu ya Wachina. Hapa sina budi kusema kwamba wengi walipungukiwa. Uraia wa mjenzi si hoja. Mkandarasi hujenga alichokubaliwa kujenga, awe ametoka Beijing, Paris au Machakos. Ukitaka kuuliza, uliza mkataba unasema nini: ada inapandishwa kwa kanuni gani, nani anabeba hasara magari yakiwa machache, barabara ya chini itatunzwa na nani. Maswali hayo hayana kabila wala taifa. Lakini ni rahisi kumlaumu mgeni kuliko kusoma kurasa mia tatu za mkataba, na mjadala wetu ulipenda njia iliyo rahisi.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba hii ni barabara ya matajiri. Ni kweli kwamba shilingi 500 kwa safari moja ni fedha inayokaribia ujira wa kutwa wa vibarua wengi wa mjengo. Hata hivyo, kusema tu kwamba tajiri amepata njia yake hakutoshi. Kama tajiri angepanda juu na kumwachia maskini njia iliyo wazi, pana na salama huku chini, mimi ningekuwa wa kwanza kumwombea safari njema. Kwa hiyo swali haliko juu ya daraja. Liko chini ya nguzo.

Hapo ndipo ninapoona kwamba pande zote mbili zilipotea mada. Walijadili barabara mpya, na mada ilikuwa safari za watu wa Nairobi. Watu hao husafirije? Kila uchunguzi wa usafiri uliofanywa mjini humo umekuta jambo lilelile: walio wengi hutembea kwa miguu au hupanda matatu. Wanaokwenda kazini kwa gari la kibinafsi ni wachache. Tazama alfajiri watu wanavyomiminika kutoka Mukuru kuelekea viwandani Industrial Area, mstari mrefu wa watu wenye viatu vya mpira na mifuko ya chakula. Hao ndio usafiri wa Nairobi. Mjadala ulipopamba moto, ni mara chache mno nilisikia mtu akiuliza kwamba barabara hii itawafanyia nini hao.

Jibu la mwanzo halikupendeza. Wakati wa ujenzi, njia za miguu za Mombasa Road zilichimbwa, na watu wakawa wanatembea kwenye matope na vumbi, bega kwa bega na malori. Na magari yalipoanza kuteleza juu mwaka 2022, barabara ya chini ilikuwa bado haijarudishwa sawasawa. Mpangilio huo wa kazi ni ushahidi tosha. Ukitaka kujua nani ana heshima katika nyumba, tazama nani anapakuliwa kwanza.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa somo hili kutolewa. Barabara ya Nairobi hadi Thika, iliyopanuliwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya China, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012. Ilileta manufaa yasiyokanika. Ruiru, Juja na Thika zilisogea karibu na mji, viwanja vikapanda bei, wanafunzi wa vyuo vilivyo kando yake wakafika darasani mapema. Lakini barabara ile ilipita katikati ya mitaa ya watu wanaovuka kila siku kwenda sokoni, shuleni na kazini. Madaraja ya kuvukia yalikuwa mbali mbali, na wengine wakajaribu bahati yao kati ya magari yanayokwenda kwa kasi ambayo hawakuizoea. Wengi walikufa pale.

Sisi walimu tulifundishwa, nasi tukawafundisha walimu wadogo, namna ya kumvusha mtoto: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka bila kukimbia. Somo hilo lilitungwa kwa barabara yenye njia mbili. Mpe mtoto wa darasa la pili barabara yenye njia nane, halafu mwambie atazame kulia na kushoto. Umemfundisha maneno matupu. Mhandisi akishabadilisha barabara, mwalimu hawezi kuokoa maisha kwa wimbo. Takwimu za NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, zinaonyesha kwamba kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 waliokufa katika barabara za Kenya walizidi 4,000, na waenda kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi jingine lolote. Hizo ndizo alama za mtihani ambazo mjadala haukutaka kuzisoma.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo, nalo linahusu deni. Tangu sheria ya mwaka 1993, kila anayenunua mafuta ya gari Kenya hulipa ushuru wa kutunza barabara ndani ya bei ya kila lita. Kabla ya hapo palikuwa na vizuizi vya kulipia, na hadi leo kwenye njia ya Thika kuna kituo cha matatu kinachoitwa Toll, ingawa aliyelipishwa hapo alikwisha kuzeeka. Ushuru huo wa mafuta ulikuwa shilingi 18 kwa lita kwa miaka mingi, na Julai 2024 ukapandishwa hadi shilingi 25. Kijana wa bodaboda anaulipa kila anapojaza tangi lake dogo. Abiria wa matatu anaulipa ndani ya nauli. Basi kijana yule anapokatazwa kupanda juu, kwa sababu za usalama ambazo mimi nazikubali, anabaki na haki yake kamili huku chini. Alikwisha kuilipia. Barabara ya juu haiwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya deni lililo chini.

Wahenga walisema: aliye juu mngoje chini. Sijui kama waliwaza habari za magari, lakini katika jambo hili walisema kweli kwa herufi. Kila gari lililopanda Mlolongo lazima lishuke mahali fulani. Likishuka Westlands au katikati ya mji, linaingia katika njia zilezile, mizunguko ileile na maegesho yaleyale yaliyojaa tangu zamani. Dakika zilizookolewa juu huanza kurudishwa chini. Tena barabara pana huwaita watu. Aliyekuwa akiacha gari nyumbani kwa kuogopa msongamano huanza kulitoa, na aliyekuwa akiishi karibu hununua kiwanja mbali. Huko Houston, Marekani, barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa na kukamilika mwaka 2008, ikawa miongoni mwa barabara pana kabisa duniani, na baada ya miaka michache tu safari za asubuhi na jioni zikawa ndefu tena. Ikiwa nchi yenye fedha kama Marekani haikuweza kuushinda msongamano kwa kuongeza lami, sisi tuna sababu ya kufikiri mara mbili.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Wakorea nao walikuwa maskini, nao walitaka kuonekana wameamka. Katika miaka ya 1970 walikamilisha barabara ya juu iliyopita katika kitovu cha mji, juu ya kijito cha Cheonggyecheon walichokifunika kwa saruji. Ilikuwa fahari ya taifa. Mwaka 2003 walianza kuibomoa wenyewe, na mwaka 2005 kijito kikawa kimefunuliwa tena, watu wakakaa kando ya maji. Mwaka 2004 walipanga upya mabasi yao na kuyapa njia zake katikati ya barabara. Mji haukufa. Kinachonigusa hapo ni kwamba kile tunachokiita cha kisasa, wenzetu waliotutangulia walikwisha kukijaribu, wakakichoka, wakakitupa. Neno kisasa ni neno la saa. Saa ya nani, ndilo swali.

Majirani zetu nao wana la kutufundisha. Uganda walifungua barabara ya Kampala hadi Entebbe mwaka 2018, kwa mkopo wa China, na wakaanza kutoza ada Januari 2022. Msafiri wa uwanja wa ndege aliona unafuu, lakini unafuu huo haukuumaliza msongamano wa ndani ya Kampala, maana haukukusudiwa hivyo. Tanzania walijenga madaraja ya juu Dar es Salaam, TAZARA mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021, lakini kabla ya hayo, mwezi Mei 2016, walikuwa wameanzisha mabasi ya mwendokasi kati ya Kimara na mjini, yenye njia yake na vituo vyake. Mabasi hayo yamekuwa na kasoro zake: yalikuwa machache kuliko abiria, na mvua zilifurika Jangwani na kuharibu karakana. Sisemi tuyaige kasoro na yote. Lakini ona mpangilio wa fikra: nafasi ya katikati ya Morogoro Road ilipewa basi lenye watu zaidi ya mia. Sisi nafasi ya katikati ya Mombasa Road tuliipa nguzo. Mabasi ya namna hiyo yaliahidiwa Nairobi pia kwa miaka mingi, na kwenye Thika Road vituo vyake vilianza kujengwa, kazi ikasuasua. Ya juu ilikamilika kwa miaka isiyotimia miwili. Kumbe tunaweza kujenga upesi tunapotaka.

Kwa nini basi najisumbua na mjadala wa barabara iliyokwisha kujengwa? Kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara ya Rironi, Nakuru hadi Mau Summit, njia kuu ya kwenda magharibi ya Kenya na Uganda, nayo itakuwa ya kulipia. Watakaoijenga na kuiendesha ni pamoja na kampuni ileile ya Kichina na NSSF, mfuko wenye akiba za uzeeni za wafanyakazi. Upanuzi wenyewe unahitajika. Aliyewahi kukesha njiani kati ya Gilgil na Nakuru wakati wa Krismasi hahitaji kushawishiwa, na waliopoteza jamaa zao Salgaa hawahitaji kuhutubiwa juu ya hatari ya njia ile. Lakini hapo hoja ya zamani haitafaa tena. Kwenye Expressway watetezi walisema: asiyetaka kulipa apite chini. Kutoka Rironi kwenda Nakuru hakuna chini. Barabara yenyewe iliyopo, iliyolipiwa na kodi za baba zetu, ndiyo inayopanuliwa na kutiwa bei. Mkulima wa viazi wa Kinangop ataibeba ada hiyo katika bei ya gunia, na muuguzi anayestaafu ataibeba katika pensheni, ikiwa mahesabu ya mradi hayatatimia.

Kwa hiyo mjadala ujao usianze kwa kuuliza nani anapenda maendeleo. Uanze kwa maswali ambayo hata mwanafunzi wa darasa la nane angeyaweza. Asiye na gari atavuka wapi, na ni hatua ngapi kutoka mlangoni mwa shule hadi kwenye kivuko? Njia ya miguu itajengwa kabla ya lami au baada yake? Ada itapandishwa kwa kanuni gani, na nani ataisaini? Asiyeweza kulipa ana njia gani nyingine, na njia hiyo itatunzwa kwa fedha ipi? Basi la abiria sitini litalipaje likilinganishwa na gari la mtu mmoja? Mradi unaoweza kuyajibu hayo hadharani, kabla ya tingatinga kuwashwa, mimi nitautetea kwa nguvu zangu zilizobaki. Usioweza kuyajibu, hata uwe na taa nzuri kiasi gani, haujafaulu.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili. Barabara ni njia pana, na barabara pia ni jambo lililo sawasawa, lisilo na kombo. Sijui kama lugha nyingine ina bahati hiyo. Katika mjadala wa Expressway tulitumia maana ya kwanza tu, tukapima upana na urefu na kasi. Maana ya pili inawahusu wale wa alfajiri kutoka Mukuru, wanaovuka chini ya nguzo wakitazama kulia na kushoto. Kabla ya kukubali lolote litakalojengwa kwenda Nakuru, tuwaulize hao kwanza kama mambo ni barabara.